Besi inakwaruza na haikai kwenye tyuni? Mwongozo kamili wa kuiseti mwenyewe, hatua kwa hatua

Wadau wa gitaa la besi wa Mtwara na Lindi, hii nimeiandika kwa sababu swali ni lilelile kila wiki. Mtu anatuma voisi, unasikia uzi wa E (ule mnene kuliko wote) unakwaruza kuanzia freti ya kwanza mpaka ya tano (freti ni vile vyuma vilivyokatiza kwenye shingo), afu anasema "kaka nimeshapandisha briji, nimeshashusha briji, nimebadilisha mpaka nyuzi, bado tu". Wa kwaya kule Nyangao anauliza hivohivo, wa bendi Masasi hivohivo, na ukimuuliza ulianzia wapi jibu ni moja: alianzia kwenye briji.

Tatizo liko hapo. Besi ina vitu vinne vinavyotegemeana, yaani nyuzi, shingo, briji (kile chuma cha mwilini nyuzi zinapoishia) na pikapu (sumaku za chini ya nyuzi zinazochukua sauti), na ukigusa kimoja unavihamisha vinavyofuata. Ukianzia briji wakati shingo imepinda, utaseti vizuri kabisa leo, kesho ukija kuinyoosha shingo kazi yote ya jana imekufa. Kwa hiyo mpangilio ni huu na usiruke hata hatua moja: nyuzi, tyuni, shingo, urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti, intonesheni (noti kuwa sahihi kila freti), pikapu, ndo baadaye uguse vitufe vya amplifaya.

Naongelea besi ya umeme ya nyuzi nne, ile ya kawaida yenye urefu wa inchi 34 (kama milimita 864) kutoka pale nyuzi zinapotokea kichwani mpaka kwenye briji. Ya nyuzi tano njia ni ileile, patakapotofautiana nitasema.

## Andaa hivi kwanza

- Seti ya nyuzi mpya za besi, zile ndefu. Kipimo cha kawaida ni 45, 65, 85 na 105, na kwa nyuzi tano inaongezeka ya 125 au 130. Ukikosa mjini agiza Kariakoo zipandishwe basi, ila msisitize muuzaji aandike "besi", watu wanaletewa za gitaa la solo.
- Seti ya alenki, zile spana ndogo za umbo la L, kuanzia milimita 1.5 mpaka 5. Besi zilizotengenezwa Marekani nyingi zinatumia alenki za inchi. Usilazimishe ya milimita inayokaribiana, itakula kona za ndani na hapo umejitengenezea kazi ya fundi.
- Bisibisi ya nyota, ndogo na ya kati.
- Plaizi ya kukatia waya.
- Rula ya chuma inayosomeka mpaka nusu milimita.
- Karatasi chache za kawaida za A4 (gramu 80) na kadi tatu za benki zisizo na namba zilizoinuka. Hivi ndo vipimo vyetu. Karatasi moja ni kama milimita 0.1, kadi moja ni milimita 0.76. Kama una fila geji ya mafundi magari, tumia hiyo, ni bora zaidi.
- Tyuna, ya kubana kichwani au programu ya simu.
- Kitambaa kikavu cha pamba, mswaki wa zamani, mafuta ya cherehani, spiriti kidogo, na penseli laini ya 2B.
- Saa mbili au tatu za utulivu. Usifanye hii kazi Jumapili asubuhi ibada inaanza saa tatu, wala mchana wa siku ya harusi. Fanya katikati ya wiki ili shingo ipate muda wa kutulia.

## Hatua ya 1: Kagua kabla hujagusa kitu

Piga picha briji kwa simu, karibu kabisa, ili ujue kila skrubu ilikuwa wapi. Alafu piga kila uzi kwenye kila freti taratibu, uandike wapi panakwaruza. Hii orodha ndo itakwambia ugonjwa uko wapi:

Ikikwaruza freti ya 1 mpaka ya 5 tu, mara nyingi shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwa nyuma. Ikikwaruza kuanzia ya 12 kwenda juu, nyuzi ziko chini sana kwenye briji, au shingo imepinda mbele mno. Ikikwaruza freti moja tu na jirani zake ziko safi, freti inayofuata imeinuka au hiyo unayokandamiza imelika, na hapo alenki haitakusaidia. Uzi ukikwaruza ukiwa mtupu tu, ukikandamiza popote unapona, tazama ule mfereji wa kichwani unapopita uzi.

Sasa angalia kutu. Sisi tunaoishi karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, hewa ya chumvi inakula besi kimyakimya. Chungulia sado, vile vipande vidogo vya chuma kwenye briji vinavyobeba uzi mmoja mmoja. Kila sado ina skrubu mbili ndogo za kuipandisha na kuishusha, na kwenye besi nyingi za huku utaona shimo la alenki limejaa unga wa kahawia, na mguu wa skrubu umegandana na bamba la briji kama vimezaliwa pamoja.

Usilazimishe. Safisha shimo kwa mswaki, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu, uache mpaka kesho yake. Ukilazimisha, alenki itazungukia ndani ya shimo, skrubu itakuwa mviringo na haitatoka tena kwa amani.

Ukifaulu: una orodha ya freti zinazokwaruza, na skrubu zote za briji zinazunguka kwa alenki bila kulia.

## Hatua ya 2: Badilisha nyuzi

Watu wanataka kuruka hapa kwa sababu nyuzi za besi ni bei, naelewa. Lakini uzi wenye kutu umeliwa sehemu moja na kuvimba sehemu nyingine, uzito wake haulingani kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo hauwezi kulia sauti sahihi kila freti hata useti vipi. Utahangaika na intonesheni usiku kucha bure.

Kuhusu kuchemsha nyuzi, ndiyo inafanya kazi, uchafu wa jasho unatoka na mng'ao unarudi kwa muda mfupi. Kuloweka kwenye spiriti ni bora kuliko maji kwa sababu spiriti inakauka yenyewe, na maji yakibaki ndani ya misokoto, kwa hewa ya huku kutu inaanza mapema. Ila hiyo ni dawa ya uchafu, kutu haiponi.

Kama unanunua mpya, za chuma cha pua zinavumilia chumvi kuliko zile za chuma kilichopakwa nikeli, japo zinakwangua freti haraka zaidi. Zipo pia zilizopakwa utando mwembamba wa kinga, ghali lakini mtu wa pwani zinamlipa. Na kama unapiga taarabu au dansi la zamani, nyuzi laini zilizosokotwa kwa utepe bapa zinatoa ule mdundo mnene unaokaa chini ya gitaa bila kelele ya vidole. Injili ya kisasa na kupiga kwa dole gumba zinataka zile zilizosokotwa kwa waya wa duara.

Toa na weka uzi mmoja mmoja. Nyuzi nne zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, ukizitoa zote kwa mpigo shingo inarudi nyuma na itachukua muda kutulia. Ukitaka kusafisha ubao wa freti, toa mbili, safisha, weka mbili, afu hamia upande wa pili.

Namna ya kuweka: pitisha uzi kwenye briji, uvute mpaka kichwani ulale juu ya nguzo yake (ile inayozungushwa na ufunguo wa kutyuni), uache ziada ya kama sentimita 12 mpaka 13 kupita nguzo. Kunja kwanza kona kali kwa plaizi, ndo ukate mbele ya hiyo kona. Ukikata kabla ya kukunja, baadhi ya nyuzi msokoto wa nje unafunguka kutoka kwenye kiini na uzi unakufa siku hiyohiyo, utasikia hauna mlio, unasema "pwu" tu.

Ingiza ncha kwenye tundu la katikati ya nguzo, zungusha mizunguko miwili au mitatu ikishuka chini kila mmoja chini ya mwenzake. Mizunguko ikishuka, uzi unabanwa vizuri kwenye mfereji wa kichwani. Ikipandana, uzi utakuwa unateleza na kila wimbo unarudi kutyuni.

Kabla ya kila uzi kukaa, pitisha penseli ya 2B kwenye mfereji wake. Ule unga mweusi unalainisha, uzi hautakwama na kuruka ghafla ukikaza. Ukishakaza kidogo, bonyeza uzi kwa kidole mbele tu ya sado na mbele tu ya mfereji wa kichwani ili upate kona safi, afu uvute taratibu kutoka kwenye ubao mara kadhaa.

Ukifaulu: kila uzi ukiupiga mtupu unalia muda mrefu bila kutetemeka kiajabu, na ukiuvuta kidogo hautoki tyuni kwa kiasi kikubwa.

## Hatua ya 3: Tyuni kamili, hata kama simu haisikii E

E, A, D, G kutoka nene kwenda nyembamba. Kwa hesabu ya mitetemo kwa sekunde (Hz) ni 41.2 Hz, 55 Hz, 73.4 Hz na 98 Hz. Ya nyuzi tano ina B ya chini, kama 30.9 Hz.

Hapa ndo watu wanalalamika "programu inarukaruka". Maiki za simu nyingi hazisikii vizuri sauti za chini namna hiyo. Fanya hivi: gusa tu uzi wa E juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, bila kuukandamiza, piga, afu ondoa kidole. Utapata hamoniki, sauti ileile ikiwa juu oktavu moja, 82.4 Hz, na simu inaisikia vizuri. Kaa mbali na feni na jenereta.

Panda kuelekea noti, usishuke. Ukipitiliza, legeza mpaka chini yake kisha panda tena. Meno ya zile funguo za kichwani yana uchezaji kidogo, na ukiishia ukiwa unashusha, uzi utajilegeza wenyewe wimbo wa kwanza.

Na kabla hujaanza, hakikisha kinanda cha kanisani kiko kwenye A ya 440 Hz, kile kiwango cha kawaida, na hakijahamishwa. Mara nyingi sana mwalimu wa kwaya anasema besi iko chini, kumbe kinanda kimeachwa kimepandishwa nusu noti tangu mazoezi ya juzi.

## Hatua ya 4: Shingo, na hapa tulia

Hii ndo hatua inayookoa besi nyingi, na ndo inayoogopwa kuliko zote.

Uzi wa besi ukipigwa unachora tumbo pana katikati yake. Shingo ikiwa imenyooka kabisa kama rula, lile tumbo linagonga freti za karibu na kichwa. Kwa hiyo shingo inatakiwa iwe na upinde mdogo sana wa kwenda mbele, kama milimita 0.3. Ndani yake kuna fimbo ya chuma inaitwa trasi rodi inayopambana na mvuto wa nyuzi, na sisi tunaikaza au kuilegeza kupata huo upinde.

Kupima. Shika besi kama unavyopiga, usiilaze mezani, uzito wake unadanganya kipimo. Besi iwe kwenye tyuni. Kandamiza uzi wa E freti ya 1 kwa mkono wa kushoto, na freti ya mwisho kwa kiwiko au kidole cha kulia, muombe mtu akushikie kama hufiki. Uzi sasa ni rula yako. Tazama nafasi kati ya chini ya uzi na juu ya freti ya 7 au ya 8.

Jaribu kuingiza karatasi zikiwa zimepangwa pamoja. Karatasi tatu zikipita zikigusa uzi kidogo, uko sawa. Ikigoma hata moja, shingo imenyooka mno au imerudi nyuma. Zikipita tano au sita zikiwa huru, imepinda mbele. Kama huna karatasi, gonga uzi hapo freti ya 7 kwa kidole, ukisikia "ti" ndogo kavu na uzi umesogea kidogo sana, ni sawa. Usiposikia chochote hakuna nafasi.

Kurekebisha. Tafuta kichwa cha trasi rodi, ama pale kichwani chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, ama mwisho wa shingo pale inapoungana na mwili. Besi nyingine za zamani lazima ufungue skrubu za shingo uitoe kwanza, legeza nyuzi kabisa kabla ya kufanya hivo.

Ukiangalia kichwa cha rodi uso kwa uso, kuzungusha kama mshale wa saa ni kukaza, na kukaza kunanyoosha shingo, kunapunguza upinde. Kinyume chake ni kulegeza, upinde unaongezeka.

Zungusha robo mzunguko, basi. Rudi utyuni, subiri dakika kumi, pima tena. Shingo nyingine zinaitika palepale, nyingine zinaendelea kusogea mpaka kesho asubuhi, kwa hiyo ukikaribia simama, ulale, upime asubuhi.

Onyo: kabla ya kukaza legeza nyuzi kidogo ili rodi isipigane na mzigo wote. Ikiwa ngumu sana, acha. Ikizunguka bila kubana chochote na shingo haibadiliki, acha. Rodi ikikatika ndani, gharama yake inaweza kuzidi bei ya besi. Na trasi rodi si ya kushushia nyuzi! Najua ukiikaza nyuzi zinashuka, ndo maana mafundi wa haraka wanaitumia hivo, lakini umeziba tundu moja umefungua lingine, utaanza kukwaruza freti za mwanzo.

Tena ujue shingo ni mti na mti unakunywa unyevu. Huku kwetu mvua zikianza kuelekea Desemba mpaka Aprili inakaa tofauti na wakati wa kusi hewa ikiwa kavu, na besi iliyosetiwa Mtwara mjini ikipanda Newala kwenye ubaridi inaweza kusogea. Pima upya kila msimu ukigeuka. Na usiiache kwenye buti la gari lililopaki juani, hapo hakuna trasi rodi itakayokuokoa.

Ukifaulu: karatasi tatu zinapita freti ya 7 au 8, na sehemu kubwa ya ile mikwaruzo ya freti ya 1 mpaka 5 imeondoka kabla hata hujagusa briji.

## Hatua ya 5: Urefu wa nyuzi kwenye briji

Sasa ndo zamu ya briji. Simamisha rula kwenye freti ya 12, pima kutoka juu ya chuma cha freti mpaka chini ya uzi ukiwa mtupu. Anzia na milimita 2.5 kwa E na 2 kwa G, A na D ziwe katikati. Bila rula, kadi tatu za benki zikipangwa ni kama milimita 2.3, kwa hiyo E ikae juu yake kidogo na G izibane kidogo.

Zungusha skrubu mbili za sado kwa usawa ili sado isilale upande. Ubao wa freti una mgongo wa duara kidogo, kwa hiyo sado za katikati zinafuata huo mgongo, zisipangwe mstari mmoja.

Hapa lazima ujijue. Anayepiga kwa nguvu, mkono wa muziki wa sherehe msimu wa korosho umelipa na spika ziko nje, anahitaji nyuzi juu zaidi, hata milimita 3 kwa E. Anayegusa kwa upole anaweza kushuka mpaka 2. Wengi wanaolalamika besi inakwaruza wanataka nyuzi chini kama za solo na wanapiga kwa nguvu ya kubeba kiroba, hivyo viwili haviendi pamoja.

Kagua pia mfereji wa kichwani: kandamiza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Inatakiwa nafasi ndogo sana, unene wa karatasi moja au mbili. Ikigusa kabisa, mfereji umelika, huyo ndo anakwaruza uzi ukiwa mtupu. Nafasi ikiwa kubwa, vidole vitauma na noti za F na F♯ zitalia juu ya tyuni. Yote mawili ni kazi ya tupa maalumu, mpe fundi.

Ukifaulu: kwa nguvu yako ya kawaida hausikii mkwaruzo kwenye amplifaya. Ukisikia kidogo bila umeme lakini kwenye spika haupo, uache, ni kawaida.

## Hatua ya 6: Intonesheni

Hii ndo inayofanya besi iwe sawa na kinanda kwenye freti za chini, afu ikifika juu wote wanageuka kukutazama.

Piga hamoniki ya freti ya 12, iwe kwenye tyuni kabisa. Sasa kandamiza freti hiyohiyo ya 12 kwa nguvu ya kawaida, piga. Zinatakiwa zilingane.

Noti ya kukandamiza ikiwa juu, uzi ni mfupi mno, rudisha sado nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, sogeza sado mbele kuelekea shingo. Tumia bisibisi kwenye skrubu ndefu ya nyuma ya briji. Legeza uzi kidogo kabla ya kusogeza sado, ukimaliza tyuni upya kabla ya kupima, vinginevyo unapima uongo.

Uzi mnene unahitaji urefu zaidi. Kwa hiyo mwisho wa kazi kwa kawaida sado ya G iko mbele zaidi na ya E nyuma zaidi, zikishuka kama ngazi. Kama ya kwako imejipanga kinyume, rudia, kuna kitu umepima vibaya au una uzi mbovu.

Ukifaulu: noti mbili za freti ya 12 zinakaa pamoja kwenye kila uzi, na oktavu ya freti ya 2 ya uzi wa E dhidi ya freti ya 4 ya uzi wa D haina mawimbi ya "wau wau".

## Hatua ya 7: Pikapu

Fupi hii. Kandamiza uzi freti ya mwisho, pima kutoka juu ya pikapu mpaka chini ya uzi. Anzia milimita 3 upande wa E na 2 mpaka 2.5 upande wa G, kwa skrubu za pembeni ya pikapu.

Watu wanaipandisha karibu kabisa wakidhani wanaongeza nguvu. Sumaku inauvuta uzi, sauti inayumba kama ina homa na intonesheni uliyoihangaikia inaharibika freti za juu. Kama uzi mmoja unapiga kelele kuliko wenzake, shusha upande wake robo mzunguko mpaka zilingane.

## Hatua ya 8: Sauti na mkono

Weka vitufe vyote vya amplifaya katikati, volyumu ya besi mpaka mwisho. Piga kwanza hapo. Kosa la kawaida ni kujaza kitufe cha besi na kukata cha kati, ukiwa peke yako chumbani inapendeza, ikiingia ngoma na kinanda unapotea, watu wanahisi mtetemo bila kusikia noti. Punguza kitufe cha besi kidogo, ongeza cha kati kidogo, hasa chini ya kati, kama 200 mpaka 400 Hz, utajisikia.

Kuna ule mvumo wa "mmmm" wa umeme. Umeme wetu ni 50 Hz, na noti ya G freti ya 3 ya uzi wa E ni 49 Hz, kwa hiyo ukijaribu kuukata kwa vitufe unakata na besi yako humohumo. Tafuta chanzo: badilisha kebo, sogea mbali na taa za tyubu na transfoma, chomeka amplifaya na miksa kwenye soketi moja. Gusa nyuzi: mvumo ukipungua waya wa ardhi ndani ya besi uko sawa. Ukiongezeka, huo waya umeachia, mara nyingi chini ya briji palepale kwenye kutu, fundi redio anaweza kuulehemu.

Onyo kali: ukisogeza mdomo kwenye maiki huku umeshika nyuzi ukasikia shoti hata kidogo, zima kila kitu. Ardhi ya jengo au ya jenereta haipo. Hiyo inaua, usimalizie wimbo.

Sasa mkono. Kidole cha kushoto kikae nyuma tu ya chuma cha freti, kikikaa katikati ya nafasi uzi haubanwi vizuri na unakwaruza hata besi iwe imesetiwa na nani. Kulia, piga kwa vidole viwili kwa zamu, dole gumba likipumzika juu ya pikapu, na unaposhuka kwenye A, D na G lishuke nalo liuzime uzi wa E, la sivyo unabaki unavuma chini ya kila noti. Ukipiga karibu na shingo sauti ni nene na laini, ukipiga karibu na briji ni kavu na kali, tumia hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote.

Jirekodi kwa simu ikiwa mbali kama mita tatu, piga freti zote polepole, linganisha na ile orodha ya hatua ya 1.

## Ya kumpelekea fundi, na namna ya kumwambia

Freti iliyoinuka au kulika, mfereji wa kichwani, shingo iliyojikunja kama parafujo (ukichungulia kutoka kichwani upande wa E na wa G haviendi sambamba), na trasi rodi iliyoisha. Usimwambie tu "inakwaruza". Mwambie: shingo ina upinde wa karatasi tatu, E iko milimita 2.5 freti ya 12, inakwaruza freti ya 9 tu uzi wa D. Fundi akisikia hivyo anaenda moja kwa moja kwenye freti ya 10, haanzi kukukazia trasi rodi upya na kukulipisha kazi uliyokwisha maliza.

Na ukimaliza kupiga kila siku, kausha nyuzi kwa kitambaa mpaka chini yake, ukianzia pale kwenye briji kiganja kinapolala, jasho na chumvi ya bahari vinakutana hapo. Iweke kwenye begi lake, mbali na dirisha linaloelekea pwani.